Mbwa anashtuka ovari ikivutwa: niongeze ketamini?

Swali

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Mbwa jike wa kilo 12 anafungwa kizazi, mashine ya gesi ya usingizi hakuna. Anapewa zailazini (dawa ya kutuliza) mg 1 kwa kilo, dakika 10 baadaye ketamini (dawa ya usingizi) mg 10 kwa kilo, zote kwenye msuli. Ngozi inachanwa bila shida, lakini ovari ikivutwa tu anahema kwa kasi, miguu inakakamaa na mapigo ya moyo yanaruka kutoka 80 hadi 130. Niongeze ketamini au kuna njia nyingine?

Jibu la 1

Usikimbilie ketamini. Mbwa huyo amelala, ila maumivu yanamfikia. Zailazini hulaza saa moja hadi mbili, lakini nguvu yake ya kuzuia maumivu huisha ndani ya dakika 15 hadi 30. Ondoa humo muda wa kunyoa, kusafisha na kutandika vitambaa: ovari inavutwa wakati kinga ya maumivu imeshakwisha. Ketamini nayo huzuia vizuri maumivu ya ngozi na misuli. Ya viungo vya ndani, kidogo sana. Na katika kazi nzima hakuna kinachouma kama kukaza ile kano inayoifunga ovari upande wa figo. Ukiongeza ketamini peke yake, misuli inazidi kukakamaa na kuamka kunachelewa.

Weka ganzi. Lidokaini ya 2% ina mg 20 katika kila ml. Kwa mbwa usivuke mg 6 kwa kilo kwa jumla, kwa hiyo wa kilo 12 mwisho wake ni mg 72, sawa na ml 3.6. Piga hesabu hiyo na uiandike kabla ya kunawa. Ml 1 iende chini ya ngozi kwenye mstari wa kuchana, ml 0.6 kwenye utando unaobeba ovari, kila upande. Utando huo umejaa mishipa ya damu: vuta bomba la sindano nyuma kwanza, ukiona damu hamisha sindano. Subiri dakika 3 hadi 5 ndipo uvute. Ovari ya kulia imekaa mbele zaidi na ndiyo inayovutwa kwa nguvu, kwa hiyo upande huo usiharakishe.

Akiendelea kujitikisa hata baada ya ganzi, basi usingizi wenyewe umepungua. Hapo mpe ketamini mg 2 kwa kilo pamoja na diazepamu (hulegeza misuli) mg 0.2 kwa kilo, kwenye mshipa, polepole. Ndiyo maana kanula, kale kamrija ka kwenye mshipa, iwekwe mapema. Mshipa wa mbwa aliyepewa zailazini ni shida kuupata wakati wa dharura.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Kwa paka, hesabu ya lidokaini ni hiyo hiyo?

Jibu la 2

Hapana, na hapa ndipo watu wanaua paka bila kujua. Kwa paka ishia mg 3 kwa kilo. Wa kilo 3 ni mg 9, yaani ml 0.45 tu ya ile 2%. Ni kidogo mno kugawanya, basi ichanganye na kiasi sawa cha maji ya chumvi upate ml 0.9: ml 0.3 kwenye ngozi, ml 0.3 kila ovari. Ikizidi, paka huanza kutetemeka na kupata degedege, ila akiwa kwenye ketamini dalili hizo zinaweza kujificha, ukaona mapigo ya moyo yanapungua tu.

Na jambo moja nasisitiza: paka asipewe parasetamoli hata kipande. Ini lake haliwezi kuivunja. Damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni.

Jibu la 3

Naongezea upande wa kuamka. Meloksikamu (dawa ya maumivu) mg 0.2 kwa kilo chini ya ngozi; kwa mbwa huyu ni mg 2.4, au ml 0.48 ya chupa ya mg 5 kwa ml. Wengine huitoa kabla ya kuchana. Kama hakuna dripu wala kipimo cha shinikizo la damu, mimi nasema ngoja aamke na apate joto, kwa sababu shinikizo likishuka figo ndizo zinazoumia. Kesho yake mg 0.1 kwa kilo, mara moja kwa siku. Asiwe na steroidi mwilini.

Akilia anapoamka, usidhani moja kwa moja ni kidonda. Bonyeza taratibu pembeni ya mshono: mwenye maumivu atageuka, atakaza tumbo au kujikinga, aliyevurugwa na ketamini hupiga kelele vile vile ukimgusa au usipomgusa, na hutulia kadiri dawa inavyoisha. Papasa kibofu pia, maana zailazini huongeza mkojo na kibofu kilichojaa kinamtesa. Pima joto, chini ya 37 mfunike, dawa hutoka mwilini polepole akiwa baridi.

Yohimbini ya kumwamsha isitolewe kabla ya dakika 40 tangu ketamini iingie. Ukiwahi, zailazini inaondoka na ketamini inabaki peke yake: mwili unakuwa mgumu, anaweza kupata degedege, na kinga ndogo ya maumivu iliyobaki inaondoka pia.