Dhahabu ya Mwanza: tuishie kwenye matofali?

Mleta mada: Tangu 2021 Mwanza tuna kiwanda cha kusafisha dhahabu hadi asilimia 99.99. Nataka twende mbele zaidi: sehemu ya mrabaha, yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali, wa madini ya Kanda ya Ziwa ijenge hapa maabara ya kuchunguza chembe za dhahabu zenye ukubwa wa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria ni chembe hizo. Dhahabu tunaichimba sisi, kisha tunainunua tena ndani ya kipimo. Inaniuma.

Sonara, Kirumba: Dhahabu naiyeyusha kila siku. Iwe kubwa iwe ndogo, huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi. Maabara itaniongezea nini? Visima kwanza.

Mleta mada: Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye "iwe ndogo" ndipo penye jambo. Chembe ya nanomita 2 au 3 huyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo, maana atomu zake nyingi ziko kwenye uso wa nje, hazina wenzao wa kuzishika pande zote. Tena hata kabla ya kuyeyuka, moto huivuruga: chembe iliyojipanga kwa umbo la nyuso 20 inaweza kuuacha mpangilio huo ikachukua mwingine. Wewe mwenyewe ukigonga dhahabu inakakamaa, ukiipasha inalainika. Ni fuwele mpya, yaani makundi ya atomu zilizojipanga kwa utaratibu, zimeota humo ndani.

Mwalimu wa kemia, Nyegezi: Naunga mkono, kwa sharti. Miaka ya 1980 Masatake Haruta wa Japani alionyesha kwamba chembe ndogo za dhahabu huwezesha monoksidi ya kaboni, ile sumu ya jiko la mkaa, kugeuka kaboni dayoksaidi hata bila kupashwa moto. Joto likizidi, chembe huungana na uwezo huo hupungua. Kwa hiyo tununue hadubini ya elektroni inayoweza kuitazama chembe ikiwa motoni, na fundi wa kuitunza aajiriwe kabla mashine haijafika. Bila fundi, mimi simo.

Sonara, Kirumba: Marahaba mwanangu. La kupasha nimekuelewa. Lakini kisima sijakiacha: semeni ni kijiji gani kitangoja.

Mleta mada: Kisingoje hata kimoja. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri usiguswe, uchimbe visima. Ninachodai kitoke kwenye mrabaha wa serikali kuu.