Mjadala: Somo la sigara na vepu (sigara za kielektroniki) shuleni, wavulana na wasichana watenganishwe?

Mzani (mtoa mada)
Naunga mkono kutenganisha. Kinachomsukuma mvulana kwenye fegi ya kwanza mara nyingi sicho kinachomsukuma msichana. Mvulana hupokezwa na wakubwa wa kijiweni, na akikataa anaitwa mwoga. Msichana huingilia mlango mwingine: hofu ya kunenepa, mawazo, au shisha yenye ladha ya tunda kwenye sherehe. Uchunguzi wa Kenya wa 2013, kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, ulikuta watumiaji wa tumbaku ya aina yoyote ni 12.8% ya wavulana na 6.7% ya wasichana. Pengo la namna hiyo lina sababu zake, na somo moja la jumla haliwezi kuzigusa zote.

Bi Takwimu
Mkuu, hizo ni asilimia za waliokiri. Pale ambapo msichana anayevuta anahesabiwa kuwa ameharibika, yeye hujaza "hapana" na kugeuza karatasi. Korea Kusini walilinganisha majibu ya watu wazima na kotinini kwenye mkojo, yaani mabaki ya nikotini. Kwa wanaume tofauti ilikuwa ndogo. Kwa wanawake, wavutaji halisi walizidi mara mbili ya waliokiri. Kabla ya kueleza pengo, pima kwanza kama lipo.

Mkaguzi
Nyote mnazungumzia moyo wa kijana, mimi natazama kibanda. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja. Nenda kaone: pakiti iko wazi na kiberiti kinaning'inia kwa uzi. Kibanda hakiulizi jinsia.

Tena vepu zimebadilisha hesabu. Nikotini ya kawaida ikiwa kali huunguza koo, na kikohozi cha mara ya kwanza kiliwafukuza wengi. Kisha ikaja chumvi ya nikotini: huongezwa asidi ya benzoiki, ukali wa kooni unashuka, na mtu anavuta dozi kubwa bila kukohoa. JUUL, chapa ya vepu, iliingia sokoni Marekani 2015 ikiwa na takriban miligramu 59 za nikotini kwa mililita, wakati Umoja wa Ulaya unaruhusu 20 tu. Juu yake weka embe au mnanaa. Kizuizi kilichomlinda asiye mzoefu kimeondolewa, awe wa kike au wa kiume.

Mzani
Hapo umenisaidia bila kutaka. England, wasichana wa miaka 15 wanaotumia vepu walikuwa 10% mwaka 2018, wakafika 21% mwaka 2021. Harufu haikai kwenye nguo wala nywele, kifaa kinaingia kwenye kipochi. Kwa anayeogopa kuonekana, hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Na wenye viwanda walishatenganisha zamani. Sigara ya Virginia Slims ilitoka 1968 ikilenga wanawake. Uchambuzi uliochapishwa Marekani 1994 ulionyesha wasichana chini ya miaka 18 walioanza kuvuta waliongezeka kuanzia 1967 hadi karibu 1973, na wavulana hawakuonyesha ongezeko hilo. Mwaka 2007 ikaja Camel No. 9, pakiti nyeusi yenye urembo wa waridi. Wao wanajua wanayemuuzia. Sisi tunahutubia paredi nzima.

Mama Kliniki
Mnachanganya kuanza na kuendelea. Uchunguzi wa Marekani wa 2021 uliwauliza wanafunzi kwa nini walijaribu vepu mara ya kwanza: rafiki alikuwa anatumia, 57.8%, udadisi, 47.6%. Waliokuwa wakiendelea kuvuta walipoulizwa kwa nini, wasiwasi, msongo na huzuni vikaongoza kwa 43.4%.

Mwili nao una neno. Nusu ya nikotini huondoka kwenye damu kwa takriban saa mbili, na homoni ya estrojeni, iliyo nyingi zaidi kwa wanawake, huharakisha ini kuivunja. Nikotini ikishuka, mtu anakereka, anavuta tena, anatulia, anaamini vepu imemtuliza. Imetuliza njaa iliyoileta yenyewe.

Mzani, onyo kuhusu somo la wasichana peke yao: mkufunzi akisimama kusema "wengine huvuta ili wasinenepe", wale ambao hawakuwahi kuliwaza wamepewa wazo. Uzito uzungumzwe bila kuutaja pamoja na sigara. Kipindi kiwe kimoja: dakika 25 za pamoja juu ya kifaa, dozi na bei, kisha 15 za vikundi vidogo vya kuigiza kukataa. Hapo ndipo mtenganishe, maana mvulana hakubali kuonekana ameshindwa mbele ya wasichana.

Mkaguzi
Dakika 40, na kibanda kiko mita chache kutoka getini.

Bi Takwimu
Kikundi cha wavulana kikifanyia mazoezi kijiwe tu, mvulana mwenye huzuni haulizwi na yeyote. Karatasi ya maswali iwe moja kwa wote, bila jina, isikusanywe na mwalimu wa darasa. Usiulize "unavuta?" Uliza mara ya kwanza ilikuwa nini, nani alitoa, wapi, ladha gani, na siku hiyo alikuwa anajisikiaje. Taja fegi, shisha, vepu na vifuko vya nikotini (vya kuweka mdomoni) kila kimoja kwa jina lake, kwa sababu anayevuta shisha hujibu kwamba havuti sigara, na hadanganyi. Vikundi vigawanywe kwa majibu hayo. Kama vitaangukia wavulana huku na wasichana kule, Mzani atakuwa ameshinda kwa haki.