Chanjo yenye vipande vya DNA, mwili unafanywaje?

Kijana wa Nkuhungu:
Wakuu habari za jumapili. Mwaka jana hapa Dom nilianza chanjo ya homa ya ini B, nikachoma ya kwanza, mwezi uliofuata ya pili, ya tatu ilikuwa mwezi wa sita nikaisahau kabisa, juzi nahama chumba ndo nakutana na kadi ndani ya Biblia, mstari wa tatu mweupeee. Jamaa yangu anasoma UDOM akaniambia Marekani kuna ya kuchoma mbili tu, mwezi mmoja umemaliza, eti wameweka vipande vya DNA kama vya bakteria vya kushtua kinga, na siku hizi wanavipakia kwenye vitu vidogo vinaitwa nanopatiko. Sasa DNA ya bakteria iingie mwilini si tutazaa watoto wa ajabu? Na hizo nanopatiko za nini tena? Lugha nyepesi tafadhali, bailojia niliikimbia fomu tuu.

Mgogo Halisi:
Punguza presha mkuu. Ni vipande vifupi mno, herufi 22 tu za DNA, havina jeni (maagizo ya kurithi) hata moja, na vinatengenezwa maabara wala havitolewi kwenye bakteria. Kazi yake ni kupiga yowe basi. DNA ya bakteria ina sehemu kibao ambapo herufi C inafuatwa na G zikiwa vichwa wazi, kwetu sisi hizo C-G ni chache na nyingi zimevalishwa kakofia ka kikemikali, kwa hiyo seli za kinga zikikuta za vichwa wazi zinajua mwizi kaingia, kijiji kizima kinatoka na marungu. Watafiti kina Arthur Krieg waliliandika hili 1995. Chanjo yenyewe ni Heplisav-B, ilipitishwa Marekani 2017 kwa watu wazima.

dada_maabara:
Sawa ila msichanganye, kwenye hiyo Heplisav DNA imechanganywa tu na chanjo, haijapakiwa kwenye nanopatiko. Kupakia ni habari ya utafiti zaidi, hasa wa kansa. Shida iko hivi, yule mlinzi wa kusikia yowe (TLR9) hakai getini, yuko chumba cha ndani kabisa kwenye vifuko vya ndani ya seli. Na DNA ikienda tupu, vimeng'enya vya kwenye damu vinaikatakata njiani, ni kama utoe barafu za ukwaju Majengo uzipeleke Chamwino saa saba mchana kwenye mfuko, utafika na maji. Nanopatiko ndo deli lenyewe. Lina ukubwa wa nanomita 20 mpaka 200 hivi, upana wa unywele ni kama 80,000, seli inalimeza lenyewe na mzigo unafika kwa mlinzi. Utamu mwingine, unaweka humo humo DNA na kipande cha uvimbe, seli moja inapata yowe na picha ya mwizi kwa pamoja.

Bwana Mashaka:
Panya wa maabara wamepona sana kwenye hizi stori 😂

dada_maabara:
Kweli, panya wametuzidi bahati. Kwa binadamu hata kupata dozi sahihi ni kazi, yowe likizidi mwili mzima unawaka homa. @Kijana wa Nkuhungu wewe usisubiri ya Marekani, nenda na kadi yako ukachome ya tatu, huanzi upya.

Kijana wa Nkuhungu:
Kumbe huanzi upya?? Na mi nilishaanza kutafuta hela ya tatu zote. Kesho asubuhi naenda.