Mnaotoa maelekezo ya kuunga DOS kwenye mtandao, mbona mnaishia njiani?!

Wakuu salama? Leo sina salamu ndefu. Uzi huu unawahusu nyie mnaojiita wataalamu wa kompyuta za kale, mnaoandika maelekezo na kurekodi video za kuweka MS Client 3.0 (programu ya Microsoft ya kuunga DOS kwenye mtandao) kwenye DOS 6.22 (mfumo wa kompyuta wa zamani) afu mnamalizia pale pale kwenye "net start", amri ya kuwasha mtandao, kama vile kazi imeisha. Haijaisha!! Pale ndo inaanza, na nyie mnajua. Au hamjui, ndo maana mnazima kamera haraka.

Kabla hajaja mtu na "nunua kompyuta mpya" skia kwanza. Hii ni 486 DX2, RAM mega 8, inaendesha mashine ya kukatia mabati mazito karakana. Programu ya mashine ni ya DOS, ndani kuna kadi yake ya ISA (aina ya kizamani ya kadi), aliyeitengeneza alishafunga biashara, na mashine mpya ya aina hiyo ni bei ya kuuza kiwanja. Na inakata vizuri tu. Shida ni flopi. Kila mchoro unapelekwa kwa flopi, na flopi zenyewe kwa unyevu huu wa Dar zimeota ukungu, draivu inakoroma weee afu inakwambia haisomi huku mteja kasimama mgongoni kwako na geti lake kichwani. Ndo nikasema basi, naiunga kwenye seva, isome michoro kama drive F, yaishe.

Kupata programu yenyewe siyo tabu, ni flopi mbili tu, zile DSK3-1 na DSK3-2, na ukiwa na CD ya Windows NT Server 4.0 zimo kwenye folda ya CLIENTS. Ila mbona hamsemi kwamba hizo EXE hazifunguki kwenye Windows ya biti 64? Mtu anapakua kwa bando lake, anabofya, haifunguki, anadhani faili bovu anapakua tena. Zifungulie kwenye DOS yenyewe au kwenye DOSBox. Sentensi moja tu hiyo, imewashinda.

Sasa tuje kwenye memori, maana hapa ndo mnadanganya watu mchana kweupe. Setapu ukiiachia ijipangie inaweka IFSHLP.SYS kwenye CONFIG.SYS, kwenye AUTOEXEC.BAT (haya ni mafaili mawili ambayo DOS inayasoma ikiwaka) inamwaga netbind, umb, tcptsr, tinyrfc, nmtsr, emsbfr, na mingi ya mizigo hiyo inakaa kwenye memori haitoki. DOS ina zile kilobaiti 640 za chini, uwe na RAM mega 8 uwe na mega 64 programu za namna hii zinagombania hizo hizo. Wa video anaonyesha C:\> inapepesa, anashangilia, hajaandika MEM /C (amri ya kuonyesha memori inavyotumika) hata mara moja watu waone kilichobaki! Mimi niliandika. Programu ya mashine ikagoma kuwaka, memori haitoshi. Ikabidi nipange HIMEM, EMM386 na NOEMS (hivi ndo vinaisimamia memori ya juu), DOS=HIGH,UMB, kinachopandishika kipandishwe juu kwa DEVICEHIGH na LH, na kwenye SYSTEM.INI ile autostart=full nikaiweka basic maana mimi siingii domeni ya mtu, nataka drive moja tu. Hapo ndo ikapata pumzi. Na kama kadi ya mashine yako inatumia anwani za juu uzitenge kwa X= kwenye EMM386 la sivyo kompyuta itaganda katikati ya kazi na bati limeharibika.

Kuna mwingine anashauri eti achana na TCP/IP weka NetBEUI (lugha nyingine ya mtandao, ya kizamani) ni nyepesi. Ni nyepesi kweli. Ila seva yangu ni Linux na Samba (programu yake ya kugawa mafaili mtandaoni) haiongei NetBEUI, sasa huo wepesi nikaongee na nani, na ukuta?

Kadi ya mtandao ni hizi za kuigiza NE2000, chipu ya Realtek 8019. PROTOCOL.INI, faili la mipangilio ya kadi, inakuja na INTERRUPT=3 na IOBASE=0x300, wote kwenye video mnapita hapo kwa Enter tu. IRQ 3 (hiyo INTERRUPT, namba ambayo kadi inaitia kompyuta) ni ya COM2, tundu la pili la waya wa serial, jamani! Na COM2 yangu ina waya wa mashine. Kwahiyo unaingia kwanza kwenye programu ya kadi, unaihamishia IRQ 10, ndo unabadilisha na kwenye PROTOCOL.INI zifanane. Afu njoo kwenye IP. Unataka namba isiyobadilika, unaweka DisableDHCP=1, unaandika 192.168.5.20 kama binadamu wote duniani, haitaki. Inataka hivi:

IPAddress0=192 168 5 20

Nafasi badala ya nukta!! Na subnet hivyo hivyo, 255 255 255 0. Nani angejua bila kuambiwa?

Haya, umemaliza, net start imekubali. Unaandika net use f: \\seva\michoro na hapo seva inakufungia mlango. Samba tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 SMB1 (lugha ya zamani ya kugawana mafaili) inakuja imezimwa, Windows 10 nayo ukiiweka upya tangu ile 1709 ya 2017 kwa kawaida huikuti. Sababu tunaijua, kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita humo humo, mimi sibishani na waliozima. Ila hii DOS haijui lugha nyingine, tena yenyewe ni ya nyuma zaidi, inaongea ile ya LAN Manager. Kwahiyo kwenye smb.conf, faili la mipangilio la Samba, unaweka server min protocol = LANMAN1, lanman auth = yes, ntlm auth = yes, unarestati, na bado unapigwa Error 5, umekataliwa kuingia. Paswedi sahihi, jina sahihi, Error 5. Kumbe lanman auth ikiwa imezimwa Samba haitunzi ile hashi ya kizamani ya paswedi (nakala yake iliyofumbwa), kwahiyo ukishaiwasha lazima uweke paswedi upya kwa smbpasswd hata kama ni ile ile! Isizidi herufi 14. Jina la share lisizidi herufi 8. Na majina ya mafaili yawe 8.3 (herufi 8, nukta, herufi 3), maana mchoro ukiitwa "geti la mama salma final final.dxf" DOS inaletewa jina limekatwakatwa lina ~ katikati, fundi hajui anakata geti la nani.

Na kilichoniudhi kuliko vyote ni mmoja anayewasha SMB1 kwenye laptopu yake ya kazi, yenye intaneti, bila kuonya mtu, afu comments zimejaa "asante mkuu imekubali". We unajua unachofanya kweli? Mimi nimeweka kompyuta ya pembeni ya Linux yenye kadi mbili, Samba inasikiliza upande wa karakana tu, interfaces na bind interfaces only = yes, upande wa ofisi hakuna kinachopita. Kama huwezi kufanya hivyo baki na flopi zako, nasema kweli.

Najua watakuja wa mTCP, zile programu za mtandao za DOS. Nimeitumia, ni nzuri, FTP yake ukimaliza unaifunga na memori yako inarudi, inataka packet driver tu (draiva ya kadi ya mtandao) ambayo ni ndogo. Lakini hapo fundi inabidi atoke kwenye programu ya mashine, avute faili, arudi, na fundi wangu mimi hataki kusikia habari ya FTP. Anataka F:.

Sasa kuna hii EtherDFS, haitumii hata IP, inakupa herufi ya drive moja kwa moja kutoka Linux na inakula memori kidogo sana. Sijaona mtu kaiweka kwenye mashine inayoshinda inafanya kazi, naona tu watu wanafungulia magemu. Kama yupo humu aseme kadi gani, draiva gani, na faili likiwa linasomwa afu waya ukachomoka programu inaganda au inasubiri? Na uweke MEM /C yako tuione.