Vifaranga vya perege wamekufa kwenye maji taka: ni sumu au ni kukosa oksijeni?

Mtafiti_Mto: Habari wakuu. Nachunguza maji taka ya kiwanda cha nguo yanavyodhuru samaki wa mtoni. Natumia vifaranga vya perege kwa saa 96: tangi la maji taka matupu, la nusu kwa nusu, la robo, na la maji safi la kulinganishia. Kwenye maji matupu wamekufa wote siku ileile. Kwenye nusu walipanda juu wakihema, kesho yake wakafa. Maji safi hakuna aliyekufa. Tangi la nusu lina oksijeni miligramu 2.1 kwa lita, pH 7.4, nyuzijoto 25. Naweza kuandika kwamba maji haya ni sumu? Na nikiweka pampu ya hewa nitakuwa nimeharibu jaribio?

Matamvua: Usiandike sumu bado. Kwa nyuzijoto 25 maji hubeba oksijeni miligramu 8 na kidogo kwa lita. Mwongozo wa OECD namba 203, ule wa kimataifa wa kupima sumu kwa samaki, unataka isipungue asilimia 60 ya hapo, yaani kama 5. Wewe una 2.1. Bakteria wanaokula uchafu wa kiwandani wameimaliza, na samaki wanaopanda juu kuhema ndivyo wanavyokuambia.

Pampu weka, ila taratibu, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Hewa inafukuza kaboni dayoksaidi, pH inapanda, na amonia iliyokuwa haina makali inageuka kuwa ile inayopenya matamvua. Kwa joto lako, kwenye pH 7 sehemu hiyo kali haifiki asilimia 1. Kwenye 8 ni kama 5. Kwenye 9 inapita theluthi. Kwa hiyo unaweza kuokoa samaki na ukosefu wa hewa, ukawaua kwa amonia, bila kiwanda kubadilisha chochote. Pima pH na amonia asubuhi na jioni kwenye kila tangi.

Wakipona kwa pampu, tafadhali usiseme maji ni salama. Mtoni hakuna pampu. Samaki aliyekosa hewa kwa sababu ya maji taka ameuawa na maji taka. Andika tu kilichomuua, maana kuondoa uchafu unaooza na kuondoa madini ya rangi ni kazi mbili tofauti kwa mwenye kiwanda.

Bibi_Maabara: Naunga mkono. Ongeza pia matangi ya asilimia 12.5 na 6.25, la sivyo hutapata kiwango kinachoua nusu ya samaki. Zimua kwa maji ya mto uliyochota upande wa juu wa mto, kabla ya kufika bomba la kiwanda, kwa sababu ugumu wa maji hupunguza ukali wa shaba. Ukishuku madini, gawa sampuli, moja itie EDTA, kemikali inayofunga madini yasidhuru: vifo vikipungua, umepata pa kuanzia.

Mtafiti_Mto: Asanteni sana. Je, nikitumia kambale badala ya perege? Wanavumilia zaidi.

Matamvua: Ndugu yangu, hapana. Kambale anavuta hewa ya juu moja kwa moja, ataishi hata oksijeni ya majini ikiisha, na ripoti yako itamfurahisha mwenye kiwanda tu. Baki na perege. Na sampuli iweke kwenye barafu tangu unapoichota, uanze jaribio ndani ya saa 36.