Bastola ya babu ya enzi za Lupa, naweza kujaza maganda yake upya?

MwanaChunya
Wakuu heshima kwenu. Babu alifariki mwaka juzi, sasa wiki iliyopita ndo tumefungua lile sanduku lake la bati huku Chunya, chini kabisa tumekuta bastola ya silinda, ndogo inakaa kiganjani, tundu tano, kifyatulio kinakunjwa kama kisu cha mfukoni. Alikuwa akisema aliachiwa na baba yake aliyempikia mzungu mchimba dhahabu kule Lupa miaka ya 1930, sisi tukajua ni stori za ulanzi tu kumbe kweli. Pamoja nayo kuna maganda matupu 11 yameandikwa .32 S&W kitakoni. Nyani wananimalizia mahindi, na jamaa mmoja wa magobore kasema baruti anayo na vichwa vya risasi atayeyusha betri ya gari. Shida maganda yanagoma kuzama kwenye silinda, nadhani ni kutu, nataka niyapige msasa. Kwenye mtutu kuna kaalama kama yai, ndani ELG, juu yake kama taji. Nianzie wapi?

Kinyozi_Mwanjelwa
Anzia kuhesabu vidole, ukimaliza hesabu tena baada ya kufyatua 😂

FundiIlula
Dogo weka msasa chini kwanza. Hayo maganda hayana kutu, sio ya hiyo bastola.

ELG kwenye yai ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, Ubelgiji, na taji juu waliliongeza 1893, kwahiyo hicho chuma hakijatoka Ubelgiji kabla ya hapo. Liège walitoa bastola za mfukoni kama vitumbua, karakana ndogondogo nyingi, na nyingi zilikuwa za risasi ya kizamani inaitwa .320. Sasa .32 S&W ni ya Wamarekani, Smith & Wesson waliitoa 1878, ukitazama kwa macho ni mapacha ila ganda lake ni nene zaidi kidogo, chini ya nusu milimita hivi, na ndo maana linagoma mdomoni. Ukilisaga ukuta unakuwa mwembamba na ukuta ndo unaoziba moto usirudi nyuma usoni kwako.

Halafu baruti. Silaha za umri ule zilipimwa kwa baruti nyeusi ile ya moshi mwingi, inasukuma taratibu. Ya kisasa isiyo na moshi ukijaza kipimo kilekile cha ganda inapandisha presha mara nyingi zaidi, silinda inafunguka kama ua. Ya huyo jamaa wa gobore ndo kabisa, anaitwanga mwenyewe, leo kali kesho imelala, na gobore lina mtutu mnene linavumilia, hako kadude kako ukuta wa silinda ni kama wa kikombe cha bati. Tazama kama kuna herufi PV na simba, ndo muhuri wa kupimwa kwa baruti ya kisasa. Na asikudanganye mtu wa mjini kwamba 7.65 za bastola za automatiki zinaingia kwenye za .32, kuna zinakoingia kweli na hapo ndo penye msiba, presha yake ni kubwa kuliko bastola yenyewe.

Madini ya risasi ya kwenye betri usiyaguse hata kwa gobore, moshi wake ni sumu.

MwanaChunya
Nimechungulia na tochi, hamna PV wala simba. Daah. Kwahiyo nikipata za .320 zenyewe?

FundiIlula
Utazitoa wapi mkuu, hata kiwanda cha risasi cha Mzinga kule Morogoro hawatengenezi hiyo kitu. Na chuma cha zaidi ya miaka 80 ndani ya bati, springi imechoka, silinda haikai sawa na mtutu, risasi inachanika pembeni.

DadaWaGangilonga
Kaka pole na msiba ingawa umepita. Mmebishana chuma mkasahau jambo kubwa: hiyo bastola ina kibali cha nani? Silaha hairithiwi kama shamba, kibali ni cha mtu mmoja, na kwa sheria ya silaha ya 2015 kutengeneza risasi bila leseni ni kosa peke yake hata usipofyatua. Baba yangu mdogo alikaa na bunduki ya marehemu mzee miezi mitatu "bado tunajadiliana kifamilia", alichoka kuandika maelezo kituoni. Ila usiichomoe mfukoni pale kaunta, utaangusha watu! Piga simu au mpitie mtendaji, iacheni kwenye sanduku waje wenyewe, uandikiwe hati ya kupokea. Ukitaka ukoo uione tena waombe iharibiwe isifyatue, huenda makumbusho yakaitaka, hapa Iringa Boma la Wajerumani siku hizi ni makumbusho na stori ya mpishi wa Lupa ni nzuri kuliko bastola yenyewe. Iandikeni kabla wazee hawajaisha.

Nyani wapigie madebe au fuga mbwa.

MwanaChunya
Nimekubali wakuu. Mtendaji kasema anakuja kesho na askari saa nne, shangazi kashaanza kuhangaika na chai.

Kinyozi_Mwanjelwa
Swali moja tu. Kama hayo maganda 11 sio ya hiyo bastola, bastola ya maganda hayo iko wapi?

MwanaChunya
Mkuu umeninyima usingizi. Nimemuuliza bibi, anacheka tu, kasema nimletee ugoro kwanza.