Choki za kaliba 12: mikato yasema nusu, vipimo vyasema vingine

Mlengaji_Entebbe
Wakuu, salaam. Bunduki ni ya marisau kaliba 12, mitutu miwili iliyopandana, choki (vipande vya kubana mdomo wa mtutu) za kufunga kwa skrubu. Choki hizi tano zimenunuliwa kando, hazikuja na bunduki. Kwenye ukingo zina mikato, kuanzia mmoja hadi mitano. Ile ya mikato mitatu, inayopaswa kuwa nusu, mdomoni inasoma milimita 18.0 kwa venia (kipimo cha meno ya kuteleza). Kazi yake ni michezo ya kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani: trapu, ambapo sahani huenda mbali na mpigaji, na skiti mara mojamoja, ambapo hupita mbele yake, katriji za gramu 28, marisau (chembe za risasi) namba 7½. Niamini mikato? Na nifunge zipi?

Fundi_Katwe
Ndugu, hiyo 18.0 peke yake haisemi kitu. Choki ni tofauti kati ya upana wa mtutu na sehemu nyembamba kuliko zote ndani ya choki. Robo ni pungufu ya takriban milimita 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75, choki kamili 1.0. Mtutu wa kaliba 12 kwa jina ni 18.5, lakini viwanda vingi huchonga 18.4, na vingine hufika 18.8. Choki yako ikiingia kwenye mtutu wa 18.5 ni nusu. Ikiingia kwenye 18.7, tayari ni karibu robo tatu.

Venia iache. Meno yake yakikaa pembeni kidogo ya kipenyo husoma pungufu, yakiinama husoma zaidi, na hayafiki ndani. Tafuta geji ya teleskopu (kijiti chenye ncha zinazofunguka kwa springi) ya milimita 12.7 hadi 19 na mikromita ya 0 hadi 25 ya kuisomea. Mafundi wa mashine za kuchonga vyuma huwa nazo. Azima vifaa ukapimie nyumbani, usimwachie mtutu mtu asiye na kibali cha silaha.

Hakikisha bunduki haina risasi, fungua mitutu, toa choki. Sugua kwa brashi ya shaba na dawa ya kusafishia, maana utando wa plastiki na madini ya risasi hudanganya kipimo. Ingiza geji mpaka ipite nyuzi, iache ifunguke, kaza kidogo, ichezeshe mara moja kuvuka kipenyo, itoe, soma kwa mikromita. Rudia mara tatu, kisha zungusha geji digrii 90 upime tena. Majibu yakitofautiana zaidi ya 0.02, mkono wako bado.

Sahani110
Vipimo ni sawa, ila karatasi ndiyo hakimu. Weka karatasi ya mita 1.2 kwa 1.2 umbali wa mita 36.5, piga katikati, halafu chora duara la kipenyo cha sentimita 76 pale marisau yalipobanana zaidi. Usilichore kabla ya kupiga. Katriji yako ina marisau kama 350. Yakiingia 210 ni asilimia 60, yaani kiwango cha choki ya nusu. 245 ni asilimia 70, choki kamili. Karatasi moja haitoshi, piga angalau tano kwa kila choki, kwa katriji ileile. Marisau ya madini laini hubonyea na kutawanyika, kwa hiyo katriji ya bei rahisi huweza kuigeuza robo tatu kuwa nusu. Na Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, usitegemee majedwali ya Ulaya neno kwa neno.

Kwa trapu: nusu au robo tatu kwa risasi ya kwanza, robo tatu au kamili kwa ya pili. Kwa kawaida mtutu wa chini ndio hutangulia. Skiti ni kama mita 20 tu, hapo funga choki yenye pungufu ya milimita 0 hadi 0.12. Choki kamili kwa umbali huo ni kujinyima sahani bure.

Mzee_wa_Mitutu
Kabla hajapiga hata karatasi moja, apime upande wa nyuma wa kila choki. Sehemu hiyo lazima iwe pana kuliko mtutu, angalau kwa 0.1. Ikiwa nyembamba, ukingo wake huchomoza ndani, kikombe cha plastiki kinachobeba marisau ndani ya katriji huugonga pamoja na marisau, na choki hupasuka au mtutu huvimba.

Mlengaji_Entebbe
Nimepima kwa geji. Mtutu wa chini 18.72, wa juu 18.71. Nyuma ya choki zote tano: 18.55.

Mzee_wa_Mitutu
Basi usizipige kabisa, hata ya mikato mitano, iliyo wazi kuliko zote. Nyuzi zimekubali, lakini zimetengenezwa kwa mtutu mwembamba. Agiza kwa jina la mfumo wa nyuzi pamoja na hiyo 18.72. Zikifika, paka nyuzi grisi kidogo na ukague kila baada ya mzunguko wa sahani 25 kama zimelegea, kwa sababu gesi ikipenya nyuma ya choki iliyolegea huharibu nyuzi. Usipige mtutu mtupu bila choki ukisubiri.

Fundi_Katwe
Mzee yuko sahihi. Na asimruhusu fundi yeyote kuzipanua hizo kwa mashine, ukuta wa choki pale nyuma ni mwembamba mno.